Hoteli Imekurudishia Pesa Mara Mbili: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Swali hili wasomaji hawaachi kuliuliza, na kila mwenye kuliuliza hulianza kwa sauti ya chini kidogo: "Nilifuta safari yangu ya Gisenyi. Pesa imerudi. Halafu imerudi tena. Je, nirudishe?"

Ndiyo, rudisha. Lakini usirudishe leo hii kwa haraka, na usiitume kwenye namba yoyote iliyokupigia simu kuidai. Wengi wanaoumia katika jambo hili si wale waliokataa kurudisha. Ni waungwana waliorudisha mbio, kwa mtu asiye mwenye mali, kisha mwenye mali akaja kudai.

Kwa nini hutokea sana huku kwetu

Mji wa mpakani kama Gisenyi, upande wa Rwanda jirani na Goma, hufutiwa safari kwa mkupuo. Machi 2020 corona ilifunga mipaka na barabara. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara hadi ndani ya Gisenyi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Goma, na makombora yakavuka mpaka yakaua raia upande wa Rubavu, wilaya yenye Gisenyi. Kila mara, watu waliokuwa wamehifadhi vyumba kando ya ziwa, kuanzia ufukwe wa mjini hadi Rubona, walifuta safari zao ndani ya siku chache.

Sasa mfikirie karani wa mapokezi. Ana orodha ya wageni waliofuta na simu mbili za kazi, na mtandao unakwenda na kurudi. Anatuma pesa, ujumbe wa kuthibitisha hauji, anangoja, anatuma tena. Usiku jumbe zote mbili zinafika. Au hoteli inakurudishia yenyewe, bila kujua kwamba wakala uliyemtumia kuhifadhi chumba naye ameshakurudishia. Au ulilalamika benki, benki ikakurudishia kwenye kadi, na wiki iliyofuata hoteli nayo ikaamka.

Kwa watu wa Goma kuna njia ya nne. Benki za Goma zilifunga milango vita vilipoingia, na watu wakawa wanavuka hadi Gisenyi kutafuta pesa taslimu. Mteja wa namna hiyo, pesa yake ikitumwa kwenye akaunti asiyoweza kuigusa, ataiomba hoteli imtumie kwa simu, nayo itamtumia. Benki ikifunguliwa, ile ya kwanza ataikuta inamsubiri.

Kwanza hakikisha ni mara mbili kweli

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Si kila pesa mbili zinazoingia ni marejesho mawili. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, chunguza mambo haya:

- Pesa iliyoshikiliwa. Hoteli nyingi zikichukua namba ya kadi yako huomba benki ishikilie kiasi fulani kama dhamana, bila kukikata. Safari ikifutwa, kile kilichoshikiliwa huachiwa na salio lako hupanda. Hayo si marejesho. Pesa hiyo haikutoka kwako.
- Ulilipa mara mbili. Pengine ulitoa avansi kwa MoMo, yaani pesa ya simu, kisha ukalipa iliyobaki kwa kadi. Marejesho mawili hapo ni haki yako yote.
- Vocha. Umepewa vocha ya kuja kulala siku nyingine, na pesa taslimu pia imerudi. Hiyo ni mara mbili, hata kama simu yako inaonyesha pesa imeingia mara moja tu. Chagua kimoja, na uwaambie wakifute kingine.
- Bima ya safari. Bima imekulipa, na hoteli nayo imekulipa. Hiyo pia ni mara mbili, na wa kuambiwa ni kampuni ya bima.
- Fidia. Wapo wenye hoteli wanaoongeza kitu kidogo kwa kuomba radhi. Lakini fidia huja na maneno. Kama hakuna maandishi yanayosema hii ni fidia, usijipe wewe mwenyewe.

Chukua karatasi, andika mistari michache tu: tarehe, kiasi, njia, na nani alituma. Juu andika kilichotoka kwako, chini kilichorudi. Tuseme ulihifadhi usiku tatu kwa faranga 80,000 kila usiku, jumla 240,000. Ulitanguliza nusu, yaani 120,000, nyingine ulipie ukifika. Imerudi 120,000 kutoka kwa wakala, kisha 120,000 kutoka hotelini. Jumla ya iliyorudi ni 240,000, na bei ya chumba ilikuwa 240,000, kwa hiyo mtu anaona hesabu imekaa sawa kabisa. Haijakaa. Kilichotoka mfukoni mwako ni 120,000. Linganisha na ulicholipa, usilinganishe na bei ya chumba.

Soma pia salio lenyewe, si ujumbe tu. Ujumbe wa simu mtu yeyote anaweza kuutunga.

Ni ya nani hasa?

Ukishajua ipo pesa ya ziada, swali la pili ni nani aipokee. Wengi hurudisha hotelini kwa sababu hoteli ndiyo wanayoijua. Hapo ndipo mtu anapojikuta amelipa mara mbili.

- Ulimlipa wakala, na wakala akakurudishia: hiyo ni yako. Iliyotoka hotelini ndiyo ya ziada, nayo irudi hotelini.
- Uliilipa hoteli moja kwa moja, na wakala naye akatuma: mwandikie wakala.
- Ulifungua malalamiko benki kuhusu kadi, benki ikakurudishia, kisha hoteli ikakurudishia: nenda benki uwaambie mfanyabiashara ameshalipa na malalamiko yafungwe. Benki itachukua ile yake. Usiitume hotelini kwanza. Ukiituma hotelini, halafu benki ikachukua yake kwenye akaunti yako, utabaki mikono mitupu na kazi ya kumfukuza mhasibu.
- Hoteli yenyewe imetuma mara mbili: ya pili ndiyo ya kurudisha.

Usihukumu kwa jina la hoteli lililoandikwa kwenye ujumbe. Angalia namba ya muamala na jina la aliyetuma.

Andika kabla ya kupiga simu

Simu haina kumbukumbu. Anza na maandishi, kwa barua pepe au WhatsApp ya hoteli uliyokuwa ukiitumia tangu mwanzo, si namba mpya. Ujumbe usiwe mrefu. Huu hapa, ubadilishe unavyotaka, na kama unajua mhasibu anasoma Kinyarwanda au Kifaransa, mwandikie hivyo:

*"Habari za kazi. Nilihifadhi chumba kwenu kwa jina la …, tarehe … hadi …. Safari ilifutwa tarehe …. Nimepokea marejesho mawili: faranga … tarehe …, muamala namba …, na faranga … tarehe …, muamala namba …. Ninachostahili ni kimoja. Naomba mhasibu ahakiki, kisha mnijulishe kwa maandishi kiasi cha kurudisha na njia rasmi ya kurudisha. Pesa nimeitenga."*

Maneno hayo mawili ya mwisho yana kazi kubwa. Siku yoyote jambo likifika mbele ya watu, yanaonyesha nia yako ilikuwaje. Na uitenge kweli: ihamishe kwenye akaunti ya akiba au uiache kwenye laini usiyoitumia kila siku. Pesa iliyokaa pamoja na ya chakula huliwa pamoja na ya chakula.

Irudi kwa njia iliyojia

Hii ndiyo kanuni ya kushika hata ukisahau mengine yote.

- Iliyokuja kwenye kadi irudi kwenye kadi. Omba hoteli au benki ibatilishe muamala upande wao. Wakisema hawawezi, wakupe akaunti ya benki yenye jina la kampuni, si la mtu.
- Iliyokuja kwa MoMo irudi kwa msimbo wa biashara wa hoteli, ule wa *182*8*1#. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mfanyabiashara hutokea. Lisome. Kama linatokea jina la mtu usiyemjua, simama hapo.
- Taslimu ni kwa mwenye kuishi karibu tu. Nenda mapokezi mwenyewe, usitume dereva wa pikipiki wala jamaa anayevuka mpaka. Usiache noti mezani kabla hujaandikiwa risiti yenye muhuri, jina la aliyepokea na sababu ya malipo.

Kuhusu sarafu: rudisha kiasi kilekile na kwa sarafu ileile iliyokuingia. Kama ziliingia faranga 280,000, rudi na faranga 280,000. Usizigeuze dola kwa bei ya leo ya wabadilishaji wa mpakani halafu ukaona umebaki na cha juu. Mtu wa Goma aliyelipa kwa dola na kurudishiwa faranga ana swali jingine la haki, la tofauti ya bei. Adai hilo peke yake, asilichanganye na hili.

Na ada ya kutuma je? Kosa ni lao, kwa hiyo ni haki waibebe wao. Lakini usijikatie kimyakimya. Waandikie: "Ada ya kutuma ni kiasi hiki, nitume kilichobaki?" Wakikubali, kata.

Simu itakayopigwa

Ukisema hadharani kwamba umerudishiwa pesa mara mbili, au ukiandika kwenye kundi la WhatsApp la wasafiri, jiandae. Wapo wanaosubiri mambo hayo. Watanzania wameshazoea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa kutegemea kwamba mmoja wao kweli ana hela ya kumtumia mtu. Safari hii wewe ndiye yule mmoja.

Atapiga mtu mwenye adabu nzuri, atajitambulisha kuwa mhasibu wa hoteli, na atajua jina lako. Dalili zake ni hizi:

1. Anataka haraka. "Bosi atanifukuza leo jioni." Mhasibu wa kweli anaweza kungoja mpaka kesho asubuhi.
2. Anatoa namba ya mtu binafsi, na sababu ya kutotumia msimbo wa hoteli.
3. Anakutaka usome tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Hakuna marejesho yanayohitaji namba yako ya siri.
4. Pesa anayodai haionekani kwenye salio, ila kwenye ujumbe tu.
5. Anakuomba uitume nchi nyingine, au kwenye kadi nyingine isiyo ile iliyolipa. Hili ni la hatari zaidi. Huenda fedha yenyewe ilitoka kwenye kadi ya wizi, na wewe unageuzwa njia ya kuisafisha.

Kata simu, kisha piga wewe namba ya hoteli uliyokuwa nayo tangu siku ya kuhifadhi chumba. Ukiwa Rwanda na umeshatapeliwa, piga RIB, idara ya upelelezi, kwa namba 166, halafu kampuni ya simu, siku hiyohiyo.

Mnayoniambia, na ninavyoyajibu

*"Walinisumbua miezi mitatu kunirudishia ya kwanza."* Najua, na ni vibaya. Dai fidia ya usumbufu huo kwa barua yake. Usijilipe mwenyewe kwa kosa la karani.

*"Hoteli ni tajiri, haitasikia."* Hoteli kubwa pengine haitasikia. Lakini nyumba nyingi za wageni mjini kwetu ni za familia yenye vyumba vichache, na penye mwajiri mkali upungufu wa kasha, ile manko, hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu. Pesa ya usiku tatu kando ya ziwa inaweza kuwa mshahara wa mwezi wa yule binti aliyekupokea simu ukifuta safari. Mimi hili ndilo linalonigusa kuliko sheria zote.

*"Hawatagundua."* Hoteli hutoa fagitire za EBM, yaani risiti za kielektroniki, zinazoonekana na mamlaka ya mapato, na hesabu za mwaka lazima zilingane. Hugundua, ila huchelewa. Na wakigundua baada ya miezi minane, wewe umeshaitumia.

*"Nilipoteza pia nauli ya basi na siku za likizo."* Hizo ni hasara zako, na pengine unastahili kitu. Lakini pesa ya mtu haigeuki fidia kwa kuwa imekaa mfukoni mwako.

*"Kwani sheria inanilazimisha?"* Inakulazimisha. Mgeni wa Gisenyi anaweza kuwa Mkongomani, Mtanzania au Mnyarwanda wa London. Congo bado inatumia sheria ya mikataba na madeni ya tarehe 30 Julai 1888, na kwa sheria hiyo aliyepokea kisicho chake, awe amejua au hakujua, anawajibika kukirudisha. Tanzania, kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwa ufupi vivyo hivyo kuhusu malipo ya kimakosa. Uingereza ni kali zaidi: kukaa kimya kwa hila na pesa iliyoingia kwenye akaunti yako kimakosa kunaweza kuwa kosa la jinai, na mtu anaweza kufungwa.

Wanaodhani haya ni ya makaratasi tu wakumbuke mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu, Afrika Kusini. Mwaka 2017 aliingiziwa randi milioni 14 badala ya 1,400 za chakula na vitabu. Alitumia zaidi ya laki nane. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi na kumhukumu miaka mitano. Rufaa ilimwokoa asiingie jela, lakini miaka ya ujana wake ilikwisha kwenye korido za mahakama, kwa kosa lililoanzishwa na kompyuta ya mtu mwingine.

Kama umeshaitumia

Haijaharibika, ila usijifiche. Andika ujumbe uleule, ukiongeza sentensi moja: "Pesa niliitumia nikidhani ni yangu, naomba kulipa kwa awamu, kiasi fulani kila mwisho wa mwezi." Taja kiasi unachokiweza kweli. Wenye hoteli wengi watakubali, kwa sababu walishaihesabu imepotea. Kila awamu ipate risiti, na mwishoni omba waandike kwamba deni limekwisha.

Safari za vikundi zina tabu yake. Kwaya au ikimina, yaani kikundi cha kuweka akiba, imechanga, mweka hazina akalipa, na marejesho mawili yameingia kwenye simu yake peke yake. Mweka hazina, waonyeshe wenzako miamala yote siku inapoingia. Usingoje kurudisha kwanza ndipo useme. Nimeona vikundi vinavunjika kwa neno ambalo lingesemwa asubuhi moja likaisha.

Wakikaa kimya

Umeandika, hawajibu. Andika tena baada ya wiki mbili. Ukiwa karibu, pita mapokezi, omba jina la meneja, acha nakala ya barua na urudi na nakala iliyogongwa muhuri. Ijulishe pia benki yako au ofisi ya kampuni ya simu kwamba kuna pesa isiyo yako. Baada ya hapo endelea kuitenga. Ukimya wa mhasibu haukupi ruhusa ya kuila, hata ukipita mwaka.

Na nyinyi wenye nyumba za wageni

Mnaposoma haya, msiseme ni ya wateja tu. Makosa haya huanzia mezani kwenu, na yanazuilika:

- Muamala ukikwama, angalia orodha ya miamala kabla ya kutuma tena. Usitegemee ujumbe wa kuthibitisha.
- Kabla ya kumrudishia mgeni aliyekuja kwa wakala, muulize wakala kama ameshalipa.
- Andika marejesho yote kwenye daftari moja, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kuyatuma.
- Mkigundua kosa, mwandikieni mgeni kwa utaratibu, na namba za miamala yote miwili. Msimwite mwizi. Hakuiba.

Na akirudisha, mpeni risiti siku hiyohiyo, ada ya kutuma iwe juu yenu, na karani msimkate mshahara.